Mama mkwe alinikuta katikati ya vita

Shikamoo Anti,

Nina miaka 43, ni mhasibu, nimeolewa na nina watoto wawili. Tunaishi Dodoma tangu ofisi yetu ilipohamishiwa huku. Ninachokuandikia wengine watakiona cha kijinga, lakini nyumbani kwangu kimefika pabaya.

Nacheza gemu. Sizungumzii zile za kwenye simu za kupasua mapovu ukiwa kwenye daladala. Nacheza Age of Empires II, ile ya kujenga mji, kulima, kukata miti, kuchimba dhahabu, kisha kupeleka jeshi kwa jirani kabla yeye hajaleta lake. Nilianza mwaka 2001 nikiwa chuoni. Tulikuwa na chumba cha kompyuta na mlinzi mwenye huruma. Usiku anatufungulia, tunaunganisha mashine kwa waya, tunapigana mpaka alfajiri. Wasichana tulikuwa wawili, na mimi nilikuwa naogopwa. Baadaye kazi, ndoa, uzazi, nikaiacha kabisa. Ilipotolewa upya mwaka 2019 mdogo wangu aliniwekea kwenye laptopu ya kazini, nikarudi mzima mzima.

Ila yule niliyekuwa naogopwa simwoni tena. Kichwa kinajua la kufanya, mkono unachelewa. Vijana mtandaoni wananipiga, na wakishanipiga wananitukana. Mmoja aliniandikia nikalale, bibi.

Mume wangu ananiita mtu mzima hovyo. Yeye Jumamosi na Jumapili ni mpira: Yanga, halafu ligi ya Uingereza, halafu marudio ya hiyo hiyo ligi ya Uingereza. Hakuna anayemwita hovyo. Kilichowasha moto hasa ni ujio wa mama mkwe. Alikuja kutoka Singida bila taarifa, akanikuta katikati ya mechi, adui ameshavunja ukuta. Nikasema, "Shikamoo mama, karibu, nakuja sasa hivi," macho yangu yakiwa kwenye skrini. Hiyo sasa hivi ikawa karibu robo saa. Alikaa na mkoba mapajani. Hakusema neno kwangu, Anti. Aliyasema kwa mawifi, nao wakayasema kwa ukoo mzima.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15. Alipokuwa mdogo alikaa mapajani kwangu akinihesabia kondoo. Sasa kompyuta ya mezani ya nyumbani ameifanya yake, na nikimwambia tucheze anasema, "Mama, wewe unacheza kizamani."

Na kuna baba yangu. Ana miaka 72, mstaafu wa reli. Nilimchukua Tanga baada ya mama kufariki. Kule alikuwa na baraza lake la bao, na wenzake walikuwa wakimpigia hodi hata akichelewa kumaliza chai. Huku hana mtu. Anashinda mbele ya televisheni, anasinzia, anaamka, anauliza saa. Nimefikiria nimfundishe gemu, mume wangu anasema sasa nataka kumharibu na mzee.

Naomba uniambie kweli. Umri wangu umepita? Huu ni uraibu? Na mzee wa miaka 72 anaweza kujifunza?

Mtu Mzima Hovyo, Dodoma


Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu ndiko kunakoungua. Mumeo amekosea kuhusu umri, lakini kuna kitu amekiona sawasawa ingawa hajui kukitaja. Huyo huyo na mpira wake, Yanga ikiwa inajiandaa kupiga penalti, mama yake akiingia atainuka. Atampokea mkoba, atamsalimia akiwa amesimama, kisha atarudi kuuliza imeingia au haikuingia. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu mpigaji hamtegemei yeye. Jeshi lako bila wewe linachinjwa. Mechi ya mtandaoni huwezi kuisimamisha kwa muda unaoutaka ukapokee mgeni; inaweza kwenda dakika 40 na zaidi, na ukitoka umeshindwa, na kama mko timu umewaangusha na wenzako.

Kwa hiyo mambo yaliharibika kabla mkwe hajapiga hodi. Ulichagua mchezo usiosubiri kwenye saa ambazo nyumba ina haki ya kukuita. Mwaka 2001 kule chuoni haikuwa shida, usiku ule hakuna aliyekuhitaji hadi kipindi cha saa mbili asubuhi. Leo una mume, watoto, mzee, na mkwe ambaye hutoa taarifa ya safari akiwa ameshafika. Gemu ni ile ile na wewe ni yule yule. Watu waliokuzunguka ndio wameongezeka.

Ningekuwa wewe, kabla ya kuwaza gemu ipi inanifaa, ningekwenda Singida. Uende mwenyewe, usitume pesa kwenye simu ukadhani yamekwisha. Beba kitenge kizuri, umwamkie kwa utulivu, uombe radhi kwa maneno machache, na usimweleze habari za ukuta uliovunjwa. Hataki kuzijua.

Sasa umri. Utafiti upo, na hautakupendeza sana. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha Kanada walichapisha uchambuzi wa wachezaji 3,305 wa StarCraft II, gemu ya vita ya kukimbizana kama yako, wenye umri wa miaka 16 hadi 44. Walipima muda unaopita tangu mchezaji anapoangalia sehemu mpya ya uwanja hadi anapofanya kitu. Kasi hiyo huanza kupungua mtu akiwa na miaka 24. Ndiyo, 24. Huyo aliyekuita bibi, kama ana miaka 27, naye ameshaanza kushuka mlima, hajaambiwa tu. Lakini watafiti hao hao waliona dalili kwamba wachezaji wakubwa hujazia pengo kwa njia nyingine: wanatumia zaidi vitufe vya mkato vya kibodi, na wanacheza kwa namna isiyohitaji mikono mingi. Mkono unapochelewa, anayejua mchezo hupunguza kazi anazoupa mkono.

Hapo ndipo pa kuanzia. Nakushuku bado unacheza kama ulivyocheza chuoni: mbio za mapema na farasi wa upelelezi, kuchezesha wapiga mishale mmoja mmoja wakwepe mishale ya adui, huku na huku. Hiyo ni kazi ya vidole vya miaka 19, waachie. Wewe ni mhasibu, pigana kihasibu. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anatoka baada ya sekunde 25. Kituo chako cha mji, anakotokea huyo mwanakijiji, kikikaa bure dakika moja umepoteza wanakijiji wawili na kazi yote ambayo wangefanya hadi mwisho wa mechi, na hasara ya namna hiyo wewe unaijua kuliko mtoto yeyote wa mtandaoni. Tumia vitufe kurudi kwenye kituo cha mji na kumtafuta mwanakijiji aliyesimama bila kazi. Usizunguke na mausi. Adui akileta farasi, toa watu wa mikuki. Ni rahisi, hawana maringo, na hawahitaji kuchezeshwa. Na chagua ramani ya Arena, ambayo kila mtu anaanza akiwa amezungushiwa ukuta, au Black Forest yenye misitu iliyoziba njia. Huko mwenye mpango ana muda wa kuupanga.

Kingine ambacho pengine hakuna aliyekuambia: mashindano ya mtandaoni yenye alama yametengenezwa ili ushindwe. Ukishinda alama zinapanda na unapewa mpinzani mgumu zaidi, ukishindwa zinashuka na unapewa wa chini kidogo, hadi ufike mahali unaposhinda takriban nusu ya mechi zako. Anayekutukana naye anashindwa takriban nusu ya zake, ndiyo maana ana hasira. Chuoni ulikuwa unapigana na watu wale wale, ukawazoea, wakakuogopa. Sasa unapewa mtu wa kiasi chako kutoka dunia nzima. Kupigwa huko siyo uzee. Matusi yana kitufe cha kuyazima, kibonyeze mapema, usisubiri kujibizana na mtoto wa watu.

Turudi kwenye saa. Jioni za kazi, cheza gemu inayosubiri. Hiyo hiyo Age of Empires ina kampeni za kucheza peke yako dhidi ya kompyuta: unasimamisha, unahifadhi, unakwenda kuonja mchuzi, ukirudi farasi bado wana mguu mmoja hewani. Unaweza hata kupunguza mwendo wa mchezo. Au jaribu familia ya Civilization, iliyoanza na mtunzi wa gemu Sid Meier mwaka 1991. Hiyo ni ya zamu: unasogeza vyako, na mpaka ubonyeze kumaliza zamu hakuna kinachotokea. Mkwe anaweza kuja, akala, akalala, akaondoka kesho yake, na adui yako bado amesimama pale pale mpakani akikungoja.

Lakini nikuonye, maana mimi mwenyewe nacheza hiyo na nina miaka kadhaa kukuzidi. Mchezo wa zamu unakusubiri, lakini haukuachii. Kila zamu inakuacha na kitu kinachokaribia kukamilika, jengo limebakiza zamu mbili, elimu mpya imebakiza tatu, na unajiambia zamu moja tu nilale. Weka kengele ya simu, na simu yenyewe iweke chumba kingine ili ulazimike kuinuka.

Mechi za mtandaoni zipe siku yake. Keti na mumeo mkubaliane, mathalani Jumamosi usiku baada ya chakula, wakati yeye yuko na marudio yake. Mwambie waziwazi: saa hizi mbili sipatikani, mgeni akija mpokee wewe. Ukilisema hivyo mbele yake, neno hovyo litakosa pa kukaa, kwa sababu na yeye ana saa zake na utakuwa umezitaja.

Kuhusu uraibu, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepewa nafasi mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea, au anazidisha, hata madhara yakiwa wazi. Kwa kawaida hali iwe imedumu kama miezi 12, na iwe imevuruga kweli familia, masomo au kazi. Kwa ulichoniandikia, sikuoni humo. Nakuona mtu mwenye ratiba mbaya. Lakini ukikubaliana na mumeo saa mbili za Jumamosi kisha ukajikuta Jumanne unacheza kwa kujificha, niandikie tena, na siku hiyo nitakujibu tofauti.

Kijana wako wa miaka 15 mwache apumue. Umri huo mama hata akiwa bingwa wa dunia anacheza kizamani. Usimwombe mcheze, mpe kitu asichoweza kukipata kwa rafiki zake. Age of Empires II ina mlango ambao wengi hawaujui: wachezaji wawili mkichagua namba moja ya mchezaji, mnaongoza taifa moja kwa pamoja, kila mtu kwenye mashine yake. Mwambie, wewe chukua jeshi lote, mimi nitakulisha. Atapigana, na wewe nyuma unahakikisha mbao haziishi na dhahabu inaingia. Yeye ana vidole, wewe una hesabu. Atakapoishiwa askari katikati ya vita kwa sababu alikudharau ulipomwambia chakula kimepungua, mtakuwa mmezungumza zaidi ya mlivyozungumza mwezi mzima. Na akiwa na mitihani, mkao huo huo unakupa sauti ya kusema leo hakuna, bila kuonekana mama asiyeelewa.

Nimemweka baba mwisho kwa sababu barua yako imenigusa zaidi hapo.

Anaweza kujifunza. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliohusu wazee wenye wastani wa miaka 70 hivi. Nusu yao walifundishwa gemu ya mikakati iitwayo Rise of Nations kwa jumla ya saa 23 na nusu, nusu nyingine hawakufundishwa. Waliocheza waliongeza uwezo wa kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila kupotea, na kumbukumbu ya muda mfupi, na kufikiri kwa hoja. Walikuwa watu 40 tu, kwa hiyo usimwambie mzee kwamba ni dawa. Mwambie ni mchezo. Atakuelewa zaidi.

Na mikakati huna cha kumfundisha. Mtu aliyelelewa na bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, anaanza namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete, akiwa na kete 22 mkononi, na kabla hajaidondosha moja ameshaona mzunguko utalala wapi na shimo la nyumba la mwenzake litabaki na nini. Kinachomshinda ni mausi. Kwa hiyo mwanzishe na Civilization VI, inachezeka kwa mausi peke yake bila haraka yoyote. Kuza maandishi, ipo sehemu ya mpangilio ya kufanya hivyo. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiswahili hakimo, lakini mstaafu wa reli nadhani amesoma barua za Kiingereza nyingi kuliko mimi na wewe. Siku ya kwanza ajenge mji mmoja tu. Na tafadhali, mausi aishike yeye. Atakwenda kushoto akitaka kulia, atabonyeza mara mbili pasipostahili, atatuma walowezi wake kwenye mdomo wa washenzi, wale wavamizi wa kwenye gemu. Kaa na mikono yako mapajani. Siku utakapomnyang'anya mausi ili umwonyeshe, ndiyo siku atakayorudi kwenye televisheni.

Atakachokipenda, nakuhakikishia, ni kukutana na Zanzibar. Kwenye Civilization VI Zanzibar ni mojawapo ya miji inayojitegemea, na taifa linalojenga nayo ushawishi mkubwa kuliko wengine linapata mdalasini na karafuu, bidhaa ambazo huzipati kwa njia nyingine. Mzee wa Tanga akikuta karafuu zinagombewa na Warumi na Wachina atakuwa na la kusema, na atalisema kwa muda mrefu.

Gemu hiyo pia inawaruhusu watu wawili kutumia mashine moja kwa kupokezana kiti, huyu anamaliza zamu, yule anakaa. Mpe mjukuu kazi ya kumfundisha babu. Mtoto anayekwepa kucheza na mama mara nyingi hakatai kuwa mwalimu wa babu, na babu atavumilia kusahihishwa na mjukuu kuliko kusahihishwa na binti. Kama bei ya gemu ni kubwa, Freeciv inafuata mtindo ule ule na ni bure, ilitengenezwa na wanafunzi watatu wa chuo cha Aarhus kule Denmark na kutolewa mwaka 1996. Haina urembo. Inaendeshwa na kompyuta chakavu bila kulalamika. Kwa simu za Android ipo Unciv, nayo ni bure na haimalizi bando.

Pamoja na hayo yote, mnunulie bao. Gemu itamwamsha akili, lakini Tanga walikuwa wakimpigia hodi, na kompyuta haipigi hodi. Dodoma sasa imejaa watu wa pwani waliohamishwa na ofisi kama wewe, na baadhi yao wamekuja na wazee wao. Liweke bao barazani panapoonekana kutoka barabarani, wachezaji watajileta wenyewe.

Ukienda Singida, kama mama mkwe ni mtu wa kanisa, kuna kitu kidogo unaweza kumsikilizisha baada ya chakula, radhi ikiwa imeshapokelewa. Wimbo wa kufungulia Civilization IV ya mwaka 2005 ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, "Baba Yetu," muziki wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, na ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kuipata. Usimwambie mapema umetoka wapi. Mwache kwanza aitikie.

Na hiyo laptopu uliyosema ni ya kazini, iondolee gemu leo usiku, kabla ya Jumatatu. Mkaguzi wa ndani wa ofisi yenu hatakuwa mpole kama mama mkwe, na mhasibu aliyekutwa na programu zisizo za ofisi kwenye mashine yenye vitabu vya hesabu ana maelezo marefu ya kuandika. Tafuta laptopu yako iliyotumika, yenye hali nzuri, na ukienda kuinunua fungua gemu pale pale dukani uone inavyokwenda kabla hujatoa pesa.

Anti